Siku Niliyoitwa Lukia

Harufu ya mikorosho inapochanua hunikausha mate mpaka leo. Wengine huisifu, wanasema ni tamu, kama asali iliyomwagika juani. Mimi ikinifikia puani, nasikia mtu akiita jina ambalo si langu. Msimu huo, huku juu Newala, makopa ya muhogo yamekwisha kukauka, watu wana chakula na nafasi, na ngoma za unyago zinaanza kusikika huku na kule. Na ni msimu huohuo, enzi za Waingereza, serikali ilipochagua kumleta mkaguzi wa shule. Sijui nani alipanga. Aliyepanga hakuwa na binti.

Kijiji chetu kilikuwa kidogo, si mbali na Mkunya, na maji yalikuwa chini bondeni. Tulishuka alfajiri na madebe matupu yakitugonga magoti, tukapanda jua likiwa limeshakuwa kali, shingo zimeingia kifuani, hakuna anayezungumza. Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili na nilikuwa nimesoma darasa la pili mara tatu. Si kwa ujinga. Shule yetu ya nyasi iliishia la pili, na mimi sikuwa tayari kuishia hapo. Mwalimu alikuwa mzee mpole, akaniacha nirudie nikiwasaidia wadogo kushika kalamu, na nyumbani kwake aliniazima vitabu vyake mwenyewe. Kile cha darasa la nne nilikimaliza nikiwa nimesimama mlangoni pake, debe limejaa maji kichwani, kwa sababu ningelitua na kukaa, mama angenitafuta kwa fimbo.

Shule kubwa ilikuwa Nanjenje, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu ya mtoto. Ilikuwa na walimu wawili na darasa la nne, na kamati ya wazee iliyoiendesha. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Chilumba, mtu mrefu, mwenye mikorosho mingi na baiskeli moja. Shule hiyo iliishi kwa msaada wa serikali, na msaada ulikuwa na masharti yake. Sharti lililowanyima wazee usingizi lilikuwa hili: madarasa ya juu yawe na wasichana wasiopungua wanane. Wakipungua, mwalimu wa pili anaondolewa na darasa la nne linafungwa. Mwaka huo walikuwa wanane kamili, wala hakuna wa akiba. Basi wiki moja kabla ya mkaguzi, wa nane akaingizwa unyagoni. Na huyo wa nane alikuwa Lukia, binti wa mwenyekiti mwenyewe! Mkewe hakungoja ruhusa ya kamati. Na kwetu msichana akishaingia ndani hatoki mpaka siku zake zitimie, aje mkaguzi, aje gavana.

Mzee Chilumba akapanda baiskeli yake akaja kwetu. Hakumwendea baba, alimwendea mjomba, kwa sababu kwetu mambo ya mtoto yako kwa kaka wa mama yake. Baba alikaa pembeni akisokota kamba, masikio yote kwao.

"Niazimeni mtoto," alisema Mzee Chilumba, "kwa siku moja tu."

"Mtoto si jembe, bwana," mjomba akamjibu.

"Na mimi jembe ninalo. Nataka kichwa. Nimepungukiwa kichwa kimoja." Wakacheka, lakini kicheko cha mgeni kilikatika haraka. "Asimame mahali pa Lukia. Likiitwa jina aitike, akae, basi. Asijitie kusoma, Lukia mwenyewe si msomaji. Jambo likipita, nitampokea darasa la tatu, bila ada, mpaka amalize la nne."

Nilikuwa nyuma ya ukuta. Niliposikia darasa la tatu, nikakaa chini, mimi nisiyekaa.

"Na maji atateka nani?" mama akauliza.

"Mama Fidea, maji atateka Jumamosi."

"Jumamosi! Kwani sisi tunakunywa Jumamosi tu?" Lakini alimtazama mjomba, mjomba akatikisa kichwa kukubali, na mambo yakaisha.

Siku ya siku nilivishwa gauni la Lukia, lililonipwaya mabegani. Sakafu ya darasa ilikuwa imenyunyizwa maji ili vumbi litulie, na mimi niliyajua maji yale yametoka wapi na yamevunja shingo ya nani. Wale wasichana saba waliniangalia kutoka juu hadi chini. Mmoja akaninong'oneza, "Lukia, mbona umefupika? Unyago wa mwaka huu ni mkali." Wenzake wakaziba midomo.

Mkaguzi alikuwa Mzungu mwembamba, soksi zimefika magotini, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko chetu. Nyuma yake aliingia msimamizi wa shule, mtu wa huku kwetu, Mmakua. Nilimjua. Msimamizi yule alikuwa amepita kwenye shule yetu ya nyasi wakati wa masika, akanisikia nikisoma, akanipa penseli. Aliniuliza jina siku ile, na nilimwambia.

Mwalimu akaanza kuita. Likaitwa jina la Lukia Chilumba, nami nikalisikia kama mtu anavyosikia jirani akiitwa, nikanyamaza. Likaitwa tena. Jirani yangu akanichoma kiwiko ubavuni. "Nipo!" nikasema, na sauti ikatoka kama ya mbuzi. Msimamizi akainua macho. Alinitazama mimi, akatazama daftari la mahudhurio, kisha akatazama paa kama anayehesabu miti. Nikangoja aseme. Hakusema. Nilipokua ndipo nilipoelewa: taarifa aliyokwisha kuipeleka bomani ilikuwa na wasichana wanane. Naye alikuwa amekalia kigoda kilekile tulichokalia sisi.

Mkaguzi akawasimamisha wavulana wasome, mmoja baada ya mwingine. Maskini, walikuwa wakiyakanyaga maneno kama mbuzi shambani. Mkaguzi hakufoka. Alikuwa anaandika tu, na kila alipoandika mwalimu alizidi kutota jasho. Mwishowe akafunga kalamu yake. "Walimu wawili," alisema taratibu, "na darasa la nne hawawezi kusoma ukurasa mmoja. Sasa serikali inasaidia kitu gani hapa?" Kisha akanyoosha kidole. "Wewe, wa mwisho kule."

Mimi.

Mzee Chilumba alikuwa amesimama dirishani. Alinitikisia kichwa polepole: usithubutu. Nilijua maana yake. Nikikwama kama Lukia, napata kiti changu cha darasa la tatu, hakuna anayenikumbuka. Lakini kitabu kilipotua mikononi mwangu kilikuwa kilekile, kile cha mlangoni. Mngenitaka nifanye nini? Wengine wangesema niliiokoa shule. Nawaambia kweli, sikuiwaza shule hata kidogo. Nilichoka kusikia maneno yakikanyagwa. Nikasoma. Nikamaliza ukurasa, nikafungua wa pili bila kuambiwa, na mkaguzi alipouliza maana yake, nikamweleza kama ninavyomweleza mama habari za kisimani.

"Jina lako nani?"

Nilimwona msimamizi akikaza taya. Nilimwona Mzee Chilumba ameshika fremu ya dirisha kwa mikono miwili. Jina langu lilikuwa hapa, mdomoni, limeshafika kwenye meno. "Lukia," nikasema. Naye akaandika kwenye kitabu kikubwa cha shule.

Jioni ile walinishangilia Nanjenje kama bibi harusi. Mwalimu wa pili alibaki, darasa la nne likabaki, na tuliambiwa paa la bati litakuja. Mimi niliuliza neno moja tu, lini naanza la tatu. "Subiri kidogo, mwanangu," alisema Mzee Chilumba, na hakunitazama usoni. Niliijua sababu kabla hajaisema. Msimamizi angerudi, mkaguzi angerudi, na wangenikuta nimekaa pale na jina jingine. Shule iliyoniahidi kiti ndiyo sasa isiyoweza kunipokea.

Kisha ikaja barua. Mzee Chilumba macho yalikuwa yamepungua, akanipa mimi niisome mbele ya kamati, barazani kwake, mjomba na mama wakiwepo. Ilisema kwamba msichana Lukia Chilumba amepewa nafasi katika shule ya bweni ya wasichana, upande wa Masasi, aendelee na masomo kwa gharama ya serikali. Niliisoma mpaka kwenye sahihi bila kukwama.

Wakati huo Lukia alikwisha kutoka unyagoni. Sasa, kwao, msichana akitoka huacha jina la utoto hukohuko ndani. Hupewa jipya, na ukimwita la zamani umemtukana. Aliitwa Abiba, na mama yake aliitwa Mama Abiba, na ole wako usahau. Sisi wa kanisani tulikaa na majina yetu ya ubatizo, lakini desturi ya wenzetu tuliiheshimu. Kwa hiyo jina lililoandikwa katika barua ile halikuwa na mtu.

"Jina liko tupu," alisema Mzee Chilumba. "Fidea alichukue. Aende kule awe Lukia. Akirudi akiwa mwalimu, nani atauliza?"

Mama Abiba akatoka ndani na mwiko mkononi, unga bado umeuganda. "Jina alilolivua mwanangu haliokotwi! Mnataka atembee akiwa watu wawili? Nyie wazee mmefanya hesabu zenu za wasichana mpaka mmeanza kushona watu viraka?"

"Mama Luk..." mwenyekiti akaanza.

"Mama nani?" Mwiko ukapanda juu. Mwenyekiti akameza alichotaka kusema.

Niliona mjomba anaitaka nafasi ile. Halafu akafanya jambo ambalo halikuwa likifanywa. Akaniuliza mimi. "Mpwa wangu, unasemaje?"

Niliitaka shule ile, msidhani sikuitaka. Nikauliza, "Cheti kitaandikwa jina gani?"

"Lukia."

"Na mama yangu ataitwa mama nani?"

Mama alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Basi andikeni barua," nikasema. "Semeni aliyesoma ni Fidea."

"Tukiandika hivyo," alisema Mzee Chilumba, na safari hii hakuwa na hila, sauti yake ilikuwa ya mzee aliyechoka, "mwalimu atafungwa, msaada utakatwa, na watoto wote wale watarudi kuamia ndege mashambani. Wewe ndiye utakuwa umewarudisha."

Nikaikunja barua vizuri, nikampa. "Siandiki mimi, na siendi."

"Unajua unachokikataa?" mjomba akauliza.

"Najua. Nimekisoma."

Waliandika kwamba Lukia ameolewa, na hiyo haikuwa mbali sana na kweli. Kesho yake nikashuka bondeni na debe. Mkiniuliza kama nilijuta, nilijuta, hasa nikiwa napanda. Abiba akawa rafiki yangu, na hatukulitaja jambo lile hata siku moja.

Mwaka huu mjukuu wangu, ambaye naye ni Fidea, amechaguliwa kwenye kamati ya shule ya Nanjenje, akanichukua nikaione. Ukuta ni wa matofali, bomba lipo uani, na watoto wanalifungua kunawa mikono tu, maji yanamwagika, hawajui. Matokeo ya mtihani yamebandikwa mlangoni, na wasichana ndio wengi juu. Mwalimu mkuu, kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo, nikamwitikia marahaba, kisha akanisomea idadi ya wanafunzi kama anaimba. Nikamuuliza, "Hao wote wapo, au wengine mmeazima?" Akacheka sana. Wajumbe wengine wa kamati waliokuwepo walicheka kidogo.

Kisha akatoa kabatini kitabu kikubwa cha zamani, kingo zimeliwa na mende. "Bibi, tazama, tunajivunia hiki. Enzi za mkoloni hizo!" Akaniwekea kidole kwenye mstari. Nikausoma mwenyewe: msichana Lukia anasoma vizuri kuliko wavulana wote, afikiriwe kwa masomo ya juu. Wino umekuwa rangi ya chai.

"Ulimfahamu huyu Lukia?" akauliza.

"Nilimfahamu. Siku hiyo hakuwepo," nikamwambia. "Aliyesoma ni mimi. Chukua kalamu."

Akacheka tena, akamtazama mjukuu wangu. Mjukuu wangu hakucheka, na mimi sikucheka. Nikavuta kiti, nikakaa, nikangoja mpaka akaichukua.