Gitaa la Shirika

Mume wangu Ansbert alipiga gitaa la solo kwenye bendi ya shirika moja pale Temeke, miaka ya sabini. Watu wakisikia hivyo hudhani nyumbani tulikuwaga na gitaa. Tulitoe wapi! Vyombo vyote, kuanzia tumba hadi spika, vilikuwa mali ya umma. Yeye mwenyewe aliajiriwa kama mlinzi, maana shirika halikuwa na cheo cha mwanamuziki.

Siku moja spika yake ilichanika. Gitaa likaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima, na Ansbert akapagawa. Ndiyo sauti aliyokuwa akiitafuta siku zote. Vijana wakawa wanajaa ukumbini kuifuata. Meneja alipoisikia akamwonea huruma, eti, akaita fundi aizibe ile spika.

"Pole sana, ndugu Ansbert," alimwambia. "Sasa itatoa sauti safi."

Ansbert akashukuru. Angesema nini? Kuichana tena kungekuwa kuhujumu mali ya umma.

Baadaye nyuzi ziliadimika madukani, bendi ikavunjwa, vyombo vikafungiwa stoo. Ansbert akarudishwa kwenye kazi yake ya ulinzi, akapangiwa mlango uleule wa stoo.

Mie nilikuwa nikimpelekea chakula pale, nikimkuta amekaa na funguo kiunoni. Mchana mmoja nikachoka kumtazama.

"Baba Gaudens, si uingie ulipige kidogo tu?"

Akanikazia macho.

"Nikiingia, Jovina, wa kunikamata ni mimi."