Mahali pa Kumlaza Niyigena

Ukimwingiza Benadeta kwenye chumba cha kupanga hakuangalia sakafu wala ukuta. Aliinua uso, akatafuta matundu kwenye bati, kisha akamgeukia mwenye nyumba: "Mvua ikinyesha, kijana wangu atalala wapi?" Wenye nyumba wa Nkwenda walimwogopa. Mimi mwenyewe, Mwaja, muuza vitenge jirani na ofisi ya shirika lake, nilimpa chumba cha uani, na kabla hajakikubali nilikuwa nimeshabadilisha mabati kwa kuona haya.

Ofisi nayo ni neno kubwa. Shirika lao lilikuwa na meza, pikipiki mbovu na watu wachache wenye moyo. Kazi yao ilikuwa kuwaondoa vijana waliolala kwenye vibaraza vya soko, kuwapangia vyumba na kuwafundisha ufundi mpaka wajitegemee. Benadeta ndiye aliyevitafuta vyumba. Alizaliwa Rugu, kwenye migomba na kahawa, akaolewa huku Nkwenda, hakujaliwa mtoto, na mume akaleta mke mwingine bila hata kumwambia. Hakurudi kwao. Alisema kurudi na sanduku lile lile alilotoka nalo ni aibu, akapanga chumba hapa mjini, akabaki huku huku.

Niyigena alikuwa kijana wake na mpangaji wangu. Wazazi wake walivuka mpaka zamani kuja kuchuma kahawa za watu, wakafa bila kumwachia hata tuta la viazi. Alikuwa mpole, fundi wa madirisha ya chuma, na alikuwa na ugonjwa wa damu wa siko seli. Siku moja maumivu yalimkunja kitandani, akamuuliza Benadeta mbele yangu, "Mama, nikifa mtanizika wapi?"

Kwa watu wa huku hilo si swali dogo. Mtu huzikwa kwenye kibanja, shamba la ukoo wao, kati ya migomba, karibu na mlango, ili ndugu wakitoka asubuhi wampitie. Makaburi ya mji ni ya aliyekosa wenyewe. Mimi jambo hilo sijawahi kulielewa, Mungu anisamehe. Babu yangu alikuja na biashara zake kutoka Pangani, na sisi Waislamu wa mjini tunalazwa kwa mstari, tajiri na hamali ubavu kwa ubavu, na hakuna anayenuna. Nilitaka kumwambia kaburi ni kaburi tu. Benadeta akaniwahi.

"Kwetu Rugu," alimwambia. "Nitakulaza karibu na baba yangu."

Kijana alifumba macho akalala, na mimi nikameza maneno yangu.

Niyigena alifariki masika yaliyopita, hospitalini. Asubuhi ile ile tulikodi gari, Benadeta na mimi, tukaenda Rugu kumwomba kaka yake Mutalemwa, aliyerithi kibanja cha baba yao. Njia nzima Benadeta alitazama nje. Nilimtania kwamba marehemu hali chakula, kaka yake atakosaje kumpokea. Hakucheka.

Mutalemwa hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa nafuu. Alitupokea vizuri, mkewe akatuletea kahawa za kutafuna, na alimsikiliza dada yake mpaka mwisho.

"Waitu kaka," Benadeta alimalizia kwa kumsihi, "ni shimo moja tu. Hata kule nyuma, kwenye ndizi za pombe."

"Kaburi si shimo, Benadeta, unajua. Leo nimzike, kesho watatokea watu waseme ndugu yetu amelala hapa, tumekuja kupalilia kaburi. Keshokutwa watapalilia migomba. Wanangu watashtakiana na nani?"

"Hana ndugu huyu."

"Akishapata kibanja atawapata."

Ulimi wangu haujui kukaa. "Shemeji," nikasema, "dada yako alishamwahidi marehemu."

"Alimwahidi kibanja cha nani?" Aliuliza taratibu kabisa, wala hakukasirika.

Benadeta akauliza jambo ambalo hatukuja kuuliza. "Na mimi je, kaka? Siku yangu ikifika?"

Mutalemwa alizichezea zile kahawa kiganjani. "Wewe uliolewa. Mahari yako haijarudishwa. Ukoo utakaa, tutaona."

Nilitamani kumtukana. Lakini macho yake yalikuwa mekundu, na kabla hatujaondoka alikata mkungu wa ndizi, mkubwa kuliko yote iliyokuwa imekomaa, akaupakia mwenyewe garini uwalishe wafiwa. Utamtukanaje mtu umebeba mkungu wake? Niliushikilia usibingirike mpaka Nkwenda, roho inaniuma.

"Nimemdanganya mtoto wa watu," Benadeta alisema tulipokuwa tunashuka.

"Hukujua, dada."

"Nilijua. Nilidhani watanionea huruma."

Tulimzika makaburi ya mji. Vijana wenzake walichimba, wakachomelea msalaba wa chuma, mchungaji akaomba, watu wakatawanyika. Benadeta alibaki amesimama kwenye udongo mbichi. Mwangalizi wa makaburi alikuwa akikwangua tope kwenye jembe lake, Benadeta akamsogelea.

"Baba, nakuomba. Hapa ubavuni pake usimzike mtu. Niwekee mimi."

Yule bwana alimtazama kwa huruma. "Mama, hapa hatumwekei mtu nafasi. Anayetangulia ndiye anayelala. Wiki ijayo pengine pameshapata mwenyewe."

Benadeta aliitikia kwa kichwa, akamwambia asante, akaanza kuteremka kuelekea barabarani. Nilimfuata nyuma, nikageuka mara moja kuitazama ile nafasi tupu ubavuni pa msalaba.