Binti Majaribio

Kazini walimwita Mkalimani, na jina hilo lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi wake. Si kwamba alijua lugha za watu. Kazi yake ilikuwa kuzisemezanisha kompyuta za serikali: za ofisi ya vizazi na vifo, za hospitali na za shule. Kila ofisi ilinunua mitambo yake kwa wakati wake na kwa ukaidi wake. Hospitali iliandika tarehe kwa kuanza na mwaka. Shule zilianza na siku. Vizazi na vifo, waliojiona ndio wakongwe wa serikali nzima, waliandika mwezi kwa herufi, na ole wako uwaambie vingine. Kwa hiyo mtoto mmoja akawa watoto watatu, na mzazi wake akawa tarishi wa kubeba karatasi kutoka dirisha hadi dirisha, akiapa kwamba huyu ndiye yule.

Mama mkwe wake hakuielewa kazi hiyo. Alielezwa akaitikia, akaelezwa tena akaitikia tena, kisha akamletea pasi mbovu aitazame. Mkalimani aliifungua, akaitengeneza, na tangu siku hiyo heshima yake ukweni ikapanda.

Ofisini, ukutani palikuwa na mchoro mkubwa wa mifumo yote, visanduku na mishale tele, na juu ya meza kulikuwa na kitabu cha viwango, yaani makubaliano ya ofisi zote: tarehe iandikwe hivi, jinsia hivi, jina ligawanywe mara ngapi. Kuhusu jina peke yake walikaa vikao hadi chai ya ofisi ikaisha. Mtu wa elimu alitaka visanduku vitatu, mtu wa afya alitaka kimoja, kila mmoja akivutia kamba kwake. Mkalimani aliwasikiliza kwa ule upole wake wa kuudhi, kisha akauliza, "Jamani, mtoto akizimia shuleni, daktari amtafute kwa jina lililoandikwa kwa mtindo wa nani, wako au wa huyu?" Wakatazamana. Siku hiyo wakapitisha vitatu na kwenda zao nyumbani wamenuna.

Sasa, kujua kama mshale kati ya ofisi na ofisi unafanya kazi, lazima upitishe taarifa za mtu. Wa kweli huwezi kumtumia, siri za watu si za kuchezea. Unamtunga wa uongo. Mkalimani aliwatunga kadhaa: Babu Majaribio, Mapacha Majaribio, na wa kwanza kabisa, msichana, Binti Majaribio. Vijana wa ofisini wakamwita Bibie, na Bibie akawa kama mwenzao.

"Bibie kafika hospitali?"

"Kafika, ila kaingia akiwa mwanamume."

"Mrudishe, maskini, kabla hawajamlaza wodi ya wanaume!"

Miaka ikaenda. Bibie akachanjwa. Akahamia mtaa mwingine, ili ionekane kama anwani inamfuata. Akavunjika mkono. Akaandikiwa kwamba dawa fulani inamdhuru, ili ijulikane kama onyo litafika kwa daktari mwingine. Kila jambo lilikuwa la kujaribu mshale mmoja pale ukutani, na hakuna aliyewaza zaidi ya hapo.

Wala hakuna aliyewahi kuuliza tarehe yake ya kuzaliwa imetoka wapi. Siku ile ya kumtunga, kompyuta ilipoitaka tarehe, vidole vya Mkalimani viliandika vyenyewe. Ilikuwa tarehe ya mwanawe. Na ilipotaka namba ya simu ya mama, akaandika ya mkewe, kwa kuwa mtoto yule hakuwa na mama mwingine.

Mtoto wao huyo, wa kike, aliishi usiku mmoja. Baba yake alimzika akisaidiwa na ndugu wawili watatu, mama yake akiwa bado kitandani hospitalini, hajitambui. Watu wakasema mtapata mwingine. Mwingine hakuja. Wakasema pia kwamba aliyekuja na kuondoka upesi hivyo hana haja ya karatasi, kwa hiyo hakuna aliyekwenda kumwandikisha. Mke alirudi kwenye kazi yake, duka la rangi, kuchanganya nyeupe na buluu kwa watu wanaojenga, na kucha zake hazikuacha kuwa na rangi. Mume alirudi kwenye mishale yake. Nyumbani walipendana, walitaniana, walipika kwa zamu, na jambo moja hilo hawakuligusa. Kila mmoja alidhani anamhurumia mwenzake.

Hatimaye kazi ikaiva. Mifumo ikaunganishwa kwelikweli, wakubwa wakapiga makofi, na amri ikatoka kwamba watu wote wa majaribio wafutwe. Mkalimani akamfuta Babu. Akawafuta Mapacha. Alipofika kwa Bibie akasema kesho. Kesho yake akajipatia shughuli nyingine, na keshokutwa nyingine tena. Mtu mzima na akili zake, anakwepa kubonyeza kitufe kimoja! Nami simcheki sana, kwani wengi wetu tuna droo moja ambayo hatuifungui.

Lakini mfumo aliouunganisha kwa mikono yake haukujua kesho. Ulimwona mtoto aliyetimiza umri wa shule, ukampangia shule, ukamtafuta mzazi wake.

Jumamosi mchana mkewe aliingia na aproni ya dukani bado shingoni. Akaweka simu mezani, mbele ya sahani ya mumewe.

"Soma."

*Mzazi mpendwa, mwanao BINTI amepangiwa darasa la kwanza. Tafadhali mlete shuleni Jumatatu asubuhi.* Chini palikuwa na namba ya mwalimu mkuu.

"Nilidhani wamekosea namba," mkewe akasema. "Nikampigia mwalimu, nimwambie amtafute mwenyewe. Mwalimu mstaarabu, akasema ngoja tuhakikishe, mama. Akanisomea tarehe ya kuzaliwa."

Mkalimani akaisukuma sahani kando.

"Nilikaa chini, juu ya ndoo ya rangi, na wateja wananitazama. Tarehe ile, mume wangu, wanaijua watu wangapi hapa duniani?"

Angeweza kusema ni matatizo ya mtandao. Watu husema hivyo kila siku na dunia inawaamini. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na mwanamke huyu hakuwa wa kudanganywa. Akamweleza yote, tangu vidole vilivyoandika vyenyewe hadi kesho zile zote.

"Kwa hiyo umemchezea mwanangu."

"Sikumchezea, mama."

"Vijana wa ofisini kwako wanamfanyia mzaha."

"Hawajui. Kwao ni Bibie tu. Wanampenda."

Mkewe akaingia chumbani, akafunga mlango. Mkalimani akabaki na chakula kinachopoa. Alisimama akaosha vyombo, na vilipokwisha akaosha vilivyokuwa safi. Nyumba yao ilisimama miaka yote hiyo kwa sababu hakuna aliyeligusa jambo lile, na sasa yeye ndiye aliyelimwaga katikati ya sebule. Alijiona kabisa akibaki peke yake na sufuria hizo.

Mlango ukafunguka. Mkewe alikuwa amevua aproni, macho mekundu. Akavuta kiti.

"Alikuwa anafanya nini huko?"

"Nani?"

"Wewe bwana, nani mwingine? Miaka yote hiyo. Alikuwa anafanya nini?"

Basi akamsimulia. Mwanzoni kwa maneno ya kazini, mkewe akamkatiza, "Sema kama unazungumza na mtu." Akasema kama anazungumza na mtu. Akamwambia habari za chanjo, na jinsi ile ya pili ilivyopotea njiani wakaitafuta wiki nzima. Akamwambia alivyohama nyumba. Akamwambia alivyoingia hospitali akiwa mwanamume, na hapo mkewe akacheka, kicheko kilichomtoka bila kupenda, akajifuta pua kwa kiganja.

"Na mkono aliuvunjaje?"

"Mfumo hauulizi."

"Alianguka kwenye baiskeli," mkewe akasema, kama mtu anayesahihisha hesabu. "Endelea."

"Kuna dawa inamdhuru. Penisilini."

"Kama mimi."

"Kama wewe. Nilijua angechukua kwako."

Mkewe akainamisha kichwa mezani. Mkalimani akaweka mkono mgongoni pake, akauacha hapo, na mkewe hakuusukuma.

"Na kufa je?" akauliza, uso ukiwa bado umeinama. "Hamkujaribu taarifa za vifo?"

"Tulijaribu. Nilimtumia Babu Majaribio. Yule alikufa mara nyingi, hana kinyongo. Bibie sikuweza kumpeleka huko."

Mkewe akainua uso, akamtazama sana.

"Wewe ulimshika," akasema. "Ulimzika. Mimi niliamka nikaambiwa yamekwisha. Kila mtu akaniambia nisahau, na wewe ukanyamaza, nikadhani umesahau kweli. Nikakuchukia kidogo kwa hilo, bora nikwambie leo. Kumbe ulikuwa unamlea. Peke yako, saa za kazi. Ukaninyima mimi."

"Nilidhani nitakuumiza."

"Ungeniambia tukamlea wote."

Hilo lilimchoma kuliko matusi yoyote ambayo angemtukana. Mkalimani, aliyezipatanisha ofisi zilizokuwa hazisalimiani, alilia kwa sauti jikoni kwake, na mkewe akamshika kichwa.

Walipotulia akamwambia, "Jumatatu lazima nimfute. Ni amri, na ni haki. Nikimwacha humo nitawavurugia watoto wa watu."

"Mfute huyo wa uongo," mkewe akasema. "Kisha twende tukamwandikishe wa kweli."

Jumatatu akampigia mwalimu mkuu kumwomba radhi. Akaenda kwa mkuu wake wa kazi, akasema kosa ni lake. Mkuu akafoka vilivyo, akamwandikia onyo, kisha akauliza tarehe ile ilitoka wapi. Alipojibiwa akavua miwani, akamwambia awe na ruhusa mchana wote. Mkalimani akakaa kwenye kiti chake, akamfuta Bibie. Vijana walimuuliza kama ameshaondoka, akasema ameondoka, na mmoja wao akasema tutammisi.

Mkewe alimngoja nje ya ofisi ya vizazi na vifo, amevaa gauni lake zuri. Karani wa dirishani alikuwa binti mchangamfu ambaye hakumjua Mkalimani wala kazi yake. Wakamweleza: kuzaliwa na kufariki, miaka saba imepita, hawana karatasi yoyote.

"Zamani ningewarudisha hospitali mkalete barua," karani akasema. "Siku hizi tunaiuliza hospitali kutoka hapahapa. Nipe kitambulisho chako, mama."

Akaandika. Wakangoja, mabega yamegusana. Mkalimani alijua kila mshale ambao swali lile lilikuwa likipitia, na kwa mara ya kwanza maishani aliogopa jibu. Daftari za zamani za hospitali ziliingizwa na watu wengi, wengine wavivu. Huenda mtoto hakuingizwa. Huenda hata huko hakuwahi kuwapo.

"Huyu hapa," karani akasema. "Jina lako, mama, ndilo hili. Tarehe ndiyo hiyo. Mtoto wa kike, alizaliwa hai."

"Rudia," mkewe akasema.

Karani akamtazama, akaelewa, akasoma polepole. "Mtoto wa kike. Alizaliwa hai. Akafariki kesho yake asubuhi. Poleni sana, wazazi."

Hakuna mtu aliyewahi kuwaita hivyo. Mkewe aliushika ukingo wa dirisha kwa vidole vyake vyenye rangi.

"Hospitali hawana jina," karani akaendelea kwa upole. "Nyie mlimwita nani?"

Mkalimani alifungua kinywa kusema kwamba hakuwahi kupewa. Mkewe akawahi. Akalitaja jina palepale, bila kufikiri, kwa sauti ya mtu aliyelitamka kila siku kwa miaka, akamtajia na herufi moja moja ili asikosee. Karani akaigeuza skrini upande wao, akauliza kama ameliandika sawa. Mkewe akasema sawa. Mkalimani aliinama kwenye skrini kulisoma, maana alikuwa hajawahi kulisikia.