Ulichoona Mkono

Jumanne ya mwisho ya mwezi wa Safar, kabla ya adhuhuri, nilimpoteza rafiki yangu. Alasiri ya siku hiyo nilimwosha kwa mikono yangu, na jua lilipozama alikuwa ameshazikwa.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika. Nilisoma mpaka darasa la sita, huko Balambala, na rafiki yangu alikaa dawati moja nami. Kisomali nakisema tangu kuzaliwa, lakini kalamu yangu haikijui. Maneno ya watu yaliyomo humu ni yao, mimi nimeyavusha tu.

Sisi ni chama cha wanawake waosha maiti, hapa Waberi, mjini Garissa. Tunakutana Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi, baada ya swala ya alasiri, katika ua wa mwenyekiti wetu, mama mzee ambaye sote tunamwita Eddo, yaani shangazi. Tunakata sanda na kuzishona, vipande vitano kwa kila mwanamke, tunazipanga katika sanduku la bati pamoja na pamba, kafuri na unga wa majani ya mkunazi. Kisha tunafanya mazoezi. Mmoja analala mkekani na nguo zake, anafunikwa shuka, anakuwa maiti. Wengine wanajifunza kumgeuza, kumwagia maji kidogo, kuanza upande wa kulia na kumalizia kushoto.

Maiti wetu kwa miaka mitatu alikuwa rafiki yangu. Alijitolea mwenyewe. Alikuwa mwembamba, rahisi kugeuza, na alikuwa na mtekenyo. Mkono ukifika mbavuni tu, shuka lilianza kutikisika.

"Maiti hacheki," Eddo alimwambia.

"Eddo, maiti huyu bado ana roho. Muulizeni anataka nini."

"Anataka mume wake amletee kanga mpya!" mmoja alidakia, na hapo hata waliokuwa wanashona walicheka.

"Nyamazeni! Na wewe mwenye jagi, abaayo, dada yangu, unaosha mtu au unanywesha ngamia? Punguza maji."

"Mwache amwage," alisema rafiki yangu chini ya shuka. "Joto la leo, hata mimi nimefurahi kufa."

Eddo alimpiga kofi dogo la mguu. "Maiti hasemi. Akishalala, kazi yake ya kusema imekwisha."

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza. Ya pili ni yetu sisi waoshaji. Maiti haachwi uchi, anaoshwa chini ya shuka, kwa hiyo jicho halioni mengi. Mkono ndio unaoona. Eddo alitufundisha kusema pamoja kabla ya kufungua sanduku: "Ulichoona mkono, mdomo usijue." Ukimsitiri maiti, Mungu atakusitiri. Mimi naliamini hilo mpaka leo. Nimeosha wenye vidonda, wenye vilema, mmoja aliyekuwa na chale ambazo familia yake haikuzijua. Sijasema, na sitasema.

Katika mkutano wa mwezi wa Muharram, karibu miezi miwili kabla hajafa, Eddo alitandika mkeka na kumwita rafiki yangu alale. Yeye alikuwa ameketi ukutani na sindano mkononi. Akasema, "Leo siwezi, nimechoka." Hakuwa amewahi kukataa. Alilala mwingine, mnene, tukahangaika kumgeuza, tukacheka sana. Nilimwangalia rafiki yangu. Alikuwa anashona bila kuinua mkono wa kushoto, kitambaa amekibana kwa goti. Nililiona hilo, na nikaendelea kucheka na wenzangu.

Mume wake alikuwa na lori la maji. Alikuwa akipeleka maji Dadaab na vijijini. Mtu mpole, anayesalimia kwanza. Wakati wa ukame alipeleka lori zima Balambala kwa mama mkwe wake, mara tatu, na mbuzi wa yule mama walipona wakati mbuzi wa majirani wanakufa. Katika familia ile jina lake lilitajwa kwa dua.

Jumanne ile alisema mkewe alipanda kwenye jukwaa la tangi kuangalia maji, akateleza. Inawezekana. Jukwaa lilikuwa refu, na alikuwa ameumia kichwa, nyuma. Tuliingia watatu kumwosha: Eddo, mimi, na mwenzetu mmoja wa kumwaga maji, ambaye ana desturi ya kugeuza uso ukutani tangu mwanzo mpaka mwisho.

Nilianza upande wa kulia. Mkono wangu, umevikwa kitambaa, ulipita mbavuni pale pale palipokuwa panamchekesha. Nilisubiri. Najua ni upuuzi, lakini nilisubiri shuka litikisike.

Tulipomgeuza kuosha kushoto, shuka liliteleza. Juu ya mkono kulikuwa na alama nne za vidole, na ya tano upande wa pili. Mbavuni palikuwa na weusi, na chini ya weusi huo manjano ya jeraha la zamani, na ubavu mmoja ulikuwa umeunga vibaya, umetoka nje kama fundo la kamba. Sisemi kwamba mumewe alimuua. Sijui, na sitaandika nisichokijua. Ninachojua ni kwamba kuanguka tangini siku moja hakuachi alama za miezi.

Nilimwangalia Eddo. Alikuwa ameona. Akasema neno moja: "Funika."

Nikafunika. Tukamkausha, tukampaka kafuri, tukamsuka nywele mikia mitatu, tukamvika sanda ambayo, kwa mshono wake mbaya wa upande mmoja, niliijua aliishona mwenyewe.

Mama yake alifika kutoka Balambala akiwa amechelewa maziko. Alinikuta mlangoni. Mimi na binti yake tulichunga pamoja, nimekula kwake zaidi ya nilivyokula kwetu, na ananiita binti, nami namwita hooyo, yaani mama. Alinishika mikono yote miwili, ikiwa bado inanuka kafuri.

"Wewe umemwosha. Niambie, alikuwaje?"

"Uso wake ulikuwa umetulia, hooyo. Kama aliyelala."

"Hakuteseka?"

"Uso ulikuwa umetulia," nilisema tena.

Ilikuwa kweli, uso ulikuwa umetulia, na nililitumia neno la kweli kumdanganya mama aliyenilea. Alinibusu viganja.

Rafiki yangu aliacha watoto wawili wa kike, wa miaka minne na miwili. Kwetu mke akifa akaacha watoto wadogo, familia yake inaweza kumwoza mume huyo mdogo wa kike wa marehemu, ili watoto wasilelewe na mgeni. Tunaita xigsiisan. Si desturi mbaya. Nimeona watoto walionawiri kwa sababu yake. Mdogo wake rafiki yangu alikuwa amemaliza kidato cha nne, akisubiri nafasi ya chuo cha ualimu. Kabla siku arubaini hazijatimia, wazee walikuwa wameshakaa, na mama alikuwa amekubali. Nani angekataa? Mtu aliyewanywesha mbuzi wake.

Alhamisi ya mwezi uliofuata nilikwenda kwa Eddo mapema, kabla wengine hawajafika. Alikuwa anapepeta unga wa mkunazi.

"Eddo, wanampa yule mdogo."

"Nimesikia. Mungu awabariki."

"Uliona nilichoona."

Hakuacha kupepeta. "Mimi nimeosha wanawake tangu wewe hujazaliwa. Ningesema kila nilichoona, mji huu usingebaki na ndoa. Unataka watu waogope kutuita? Unataka maiti waoshwe na nani, na mbwa?"

"Lakini huyu yuko hai."

"Basi si kazi yetu. Kazi yetu ni waliokufa."

Wenzangu walipofika tulisema pamoja, "Ulichoona mkono, mdomo usijue," na mimi nilisema nao.

Harusi ilifanyika bila ngoma, kwa heshima ya marehemu. Nilipika pilau.

Wiki mbili baada ya harusi ndipo nilipomwendea mwalimu mwanamke anayetufundisha dini Jumamosi. Nilimuuliza kama jambo la mtu mwingine. Alinisikiliza, akasema kinachofichwa ni aibu ya maiti, na jeraha alilotiwa na mtu mwingine si aibu yake. Likiwa linaweza kumpata aliye hai, kulificha ni kumsaidia aliyelitia. Alisema kwa wepesi, kama anayejibu kuhusu udhu. Watu wataniuliza kwa nini sikumuuliza kabla ya harusi. Sikumuuliza kwa sababu nilijua atajibu hivyo, na nikishajibiwa ningelazimika kusema.

Hata hapo sikusema. Miezi mitatu ilipita.

Halafu Alhamisi moja yule mdogo wake alikuja kwenye mkutano. Alitaka kujifunza, alisema, kwa sababu dada yake aliipenda kazi hii. Alikuwa amekonda, na joto lote lile amevaa mikono mirefu mpaka vidoleni. Wanawake walimfurahia.

"Karibu, karibu, mwenye mkeka wake amerudi!"

"Huyu naye ana mtekenyo? Mjaribuni!"

Eddo alitandika mkeka. "Njoo mwanangu, ulale. Anayejifunza huanza kwa kuwa maiti."

Msichana alirudi nyuma hatua moja. "Leo siwezi, Eddo. Nimechoka."

Sijui kama kuna mwingine aliyeyakumbuka maneno yale. Mimi niliyasikia kwa sauti ya aliye kaburini. Eddo alinitazama, kisha akatazama mkeka. "Alale mwingine," alisema.

Nikalala mimi. Wakanifunika shuka, wakamweka msichana upande wangu wa kulia, na Eddo akamwongoza. Maji yakaja, vuguvugu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko mikono yote iliyowahi kunigeuza. Waliponilaza kwa ubavu, mkono ule ukapita mbavuni kwangu upande wa kushoto, nami nikafungua mdomo.

"Dada yako palikuwa peusi hapo," nilisema. "Na ubavu ulikuwa umevunjika zamani, ukaunga. Na mkononi vidole vitano. Nilimwosha mimi, nikaficha."

Mkono ulisimama.

"Maiti hasemi!" Eddo alisema kwa ukali. Hakuna aliyecheka.

"Eddo aliona pia," nilisema. Sikufunua uso. Nilikuwa naogopa kumtazama yeyote.

Msichana aliuliza polepole, karibu na sikio langu, "Hooyo anajua?"

"Hajui. Aliniuliza, nikamdanganya."

Maji yalikuwa yanatiririka chini ya mgongo wangu. "Basi nenda ukamwambie," alisema. "Mimi nimejaribu mara mbili kwa simu, nikashindwa. Anaanza kumwombea dua kabla sijasema kitu."

Akaweka jagi chini, akavaa viatu, akarudi kwa mumewe, kwa sababu watoto walikuwa kule.

Kesho yake Ijumaa nilikwenda Balambala. Mama alikuwa zizini, anamshikilia mwanambuzi anyonye. Nilimweleza nikiwa nimesimama, yote, pamoja na lile la uso kutulia. Alimwacha mwanambuzi. Alifuta mikono kwenye gauni, mara nyingi, ilhali ilikuwa imeshakauka.

"Siku ile nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza, hooyo."

"Nikakubusu mikono."

Hakulia mbele yangu. Alimwita jirani amwangalizie mbuzi, akachukua shuka na fimbo, na tukarudi Garissa kwa gari moja. Mkwe wake alikuwa safarini Dadaab. Mama aliingia ndani, akatoka na binti yake na wale watoto wawili, mmoja kila mkono, na fuko moja la nguo. Alipita mbele yangu pale langoni kama mtu apitaye ukuta.

Yule msichana yuko Balambala sasa. Wazee wa pande mbili wamekaa mara mbili. Mume ameapa kwamba hakumgusa wa kwanza, na kuhusu wa pili amesema ni mambo ya ndani ya nyumba. Anataka watoto warudishwe, na kwa desturi watoto ni wa baba. Mwalimu wa dini aliniambia tuandikishe habari kwa polisi, nikamwambia nitasimama popote niseme, lakini wa kuamua ni mama, na mama hapokei simu yangu. Kikao cha tatu bado.

Alhamisi iliyopita ilikuwa ya kwanza ya mwezi. Nilikwenda kwa Eddo baada ya alasiri na mkasi wangu, kama siku zote. Lango lilikuwa limefungwa kwa ndani. Nikabisha. Nilisikia maongezi yakikatika, kisha Eddo akisema, "Ulichoona mkono," na wenzangu wakiitikia. Nikabisha tena. Maji yalianza kumwagwa, na mmoja wao, aliyekuwa amelala mkekani, akacheka.

Nikarudi nyumbani.