Kinamasi Kati ya Vijito Viwili

Shangazi hakuwahi kumshika samaki kwa mkono mkavu. Hata sokoni, mbele ya samaki aliyekwisha kukodoa macho mezani, alichovya kwanza vidole kwenye ndoo ya muuzaji.

"Mama, huyo keshakufa, hachubuki!"

"Na wewe ukifa, nikushike ovyo?"

Soko likaangua kicheko.

Kazi yake ilikuwa kuchunguza samaki wa vijito, na ofisini walimwita Mama Mapezi. Binti wa marehemu kaka yake, ambaye Shangazi alimlea na kumfundisha kazi hiyo, ndiye aliyembebea nyavu.

Mwaka mmoja waliulizwa swali: samaki wa kijito cha kwanza wanaweza kuvuka kinamasi cha mlimani na kuingia kijito cha pili? Wakubwa walitaka kupandikiza samaki wa kigeni, mla wenzake, kwenye kile cha kwanza. Cha pili kilikuwa na visamaki vya buluu visivyoonekana kwingine kokote. Hivyo vilikuwa mboni ya jicho la Shangazi.

Wakakata ncha za mapezi ya samaki wa kijito cha kwanza, wakawarudisha majini, wakangoja mvua kubwa. Mvua ikaja, kinamasi kikafurika. Wakavua ng'ambo mpaka migongo ikawauma. Hawakupata hata mmoja mwenye pezi lililokatwa.

"Hawavuki," Shangazi akasema, akatia sahihi. Mgeni akapandikizwa.

Vifaranga wa samaki hawakuwatia alama. Nani angekata pezi jembamba kuliko ukope? Na maji yale ya kinamasini, ya kina cha kidole, yaliyowashinda samaki wakubwa, kwa vifaranga yalikuwa barabara kuu.

Mvua zilizofuata, binti aliinua wavu kijito cha pili. Vifaranga wa mgeni walirukaruka ndani, wanene. Kisamaki cha buluu hakikuwamo hata kimoja. Wakajaribu chini ya mizizi, kisha nyuma ya mawe. Shangazi akaketi kwenye tope.

"Shangazi, inuka, utashikwa na baridi."

"Wamepita mbele ya macho yangu."

"Hukujua."

"Kujua ndiyo iliyokuwa kazi yangu."

Mkuu wa ofisi alipomwambia yaliyopita si ndwele, Shangazi aligeuka, akatoka. Tangu hapo alishinda kwenye kijito kile, akivua na kumwaga, akivua na kumwaga, akitafuta japo jozi moja ya kuanzia mbegu upya. Hatimaye kifua kikamlaza, na binti akawa anakwenda peke yake.

Mara ya mwisho walipoonana, binti alisimama mlangoni mwa chumba, wavu begani.

"Leo nitashuka mpaka chini kabisa, Shangazi, kwenye lile dimbwi tusilolifikia. Vikikosekana huko, basi tena."

Shangazi akageukia ukutani.

"Nenda, mwanangu. Ila ukirudi, usiniambie umekuta nini."