Kutoa Upepo Kwenye Breki

Gari letu lilikuwa pikapu kuukuu. Mume wangu alilinunua ofisi yake ilipouza magari chakavu, na tangu hapo kila Jumapili baada ya misa ungemkuta chini yake. Aliliongezea springi za nyuma, akalipigia bodi mpya ya mbao, maana wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kuingia Mbinga na alitaka kuwabebea wakulima magunia. Zilibaki breki. Akaugua, akafa, gari likabaki juu ya mawe kando ya vichanja vya kahawa.

Baada ya mazishi sikuhisi kitu. Walinipa uji nikanywa. Wangenipa maji ya kufulia ningekunywa vilevile. Kisha nikaambiwa kwamba wazee wa ukweni, kule Lituhi ziwani, wameamua siku ya kuondoa matanga gari liende kwa mdogo wa marehemu, apakie samaki. Nikasema, "Haya." Nilijua maana yake. Ngoro zetu, yale mashimo ya kulimia mteremkoni, zilitutosha kwa chakula tu, na bila gari watoto wangetoka shule. Nilijua hayo yote jinsi mtu anavyojua habari za jirani.

Shemeji huyo alipanda kutoka ziwani siku chache kabla ya matanga, na begi la spana na raba mpya za breki alizozipata dukani mjini. Zamani vitu hivyo ungevingoja hadi uote mvi. Sasa vilijaa madukani, ukawa unavitazama tu. Alikuwa mtu mpole, fundi wa injini za boti. Akafunga kila kitu, kisha akaniita.

"Shemeji, njoo tutoe upepo."

Kazi hiyo inataka watu wawili. Mmoja anakaa kwenye usukani na kukanyaga pedali. Mwingine yuko chini kwenye gurudumu, analegeza nati ndogo ili mafuta ya breki yatoke pamoja na upepo uliomo, halafu anaikaza. Ukiinua mguu kabla hajakaza, upepo unaingia tena na kazi yote ni bure. Nilijua vizuri. Enzi za marehemu, mkanyagaji alikuwa mimi.

"Pampu. Pampu tena. Shikilia."

Nikashikilia. Nikasikia mafuta yanachuruzika kwenye kopo. Nikainua mguu.

"Umeachia, shemeji."

"Samahani."

Tukarudia, nikaachia tena. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Sikuwa na hasira naye wala sikuwa nimepanga lolote. Mguu ulipanda, nami nikautazama unavyopanda. Mwishowe akaacha kunisemesha. Aliuliza mara moja tu, akiwa bado chini ya gari:

"Shemeji, unalitaka hili gari?"

Nilikuwa natazama kuku.

Wazee wakaja, matanga yakaondolewa, watu wakala na kunywa. Nilimpigia baba mkwe goti, nikamwamkia. Ilipofika zamu ya mali, akauliza gari limefikia wapi.

"Baba, breki zimekataa," shemeji akasema. "Nimehangaika nazo weee! Nikilishusha kwenye milima ile, mtanizika na mimi."

Wazee wakaguna. Baba mkwe akanigeukia. "Basi, mama, libaki hapa hapa kwako na watoto. Hata kuku watapata pa kutagia."

Watu wakacheka. Nikasema asante, baba.

Asubuhi yake wazee wakaondoka na lori linaloshuka ziwani. Shemeji hakupanda. Nilipotoka jikoni nilimkuta amevua shati, yuko chini ya gari.

"Njoo ukanyage, shemeji. Leo usiniachie."

Nikapanda. Tukaenda gurudumu moja baada ya jingine, na kila aliposema shikilia nilishikilia hadi nikasikia spana inakaza. Pedali iliyokuwa ikizama hadi sakafuni ikaanza kupanda, ikawa ngumu.

"Tayari," akasema. "Gari lako hilo. Tafuta dereva."

Sikuweza kushuka. Uchungu wa mume wangu ulinifikia pale, wote kwa mpigo, nikalia kwa sauti hadi watoto wakatoka nje. Na shemeji, aliyejinyima gari kwa mdomo wake mwenyewe, akabaki amelala palepale chini, akijifanya bado anakaza nati.