Udongo Uliokuja kwa Magunia

Mama Masika aliuhesabu mwaka kwa alichoweza kupanda. Mvua za Septemba zilikuwa za maharagi na puaro, vile vitunguu virefu walivyolima wazazi wake Lubero. Mvua za Machi, lengalenga, yaani mchicha, na kabeji. Julai hakupanda kitu. Aliyamwagia maji ya kuoshea mchele mashina yaliyosalia hai, akayafuta majani majivu ya volkano, akangoja.

Alipofika Goma, akikimbia vita ambavyo sasa hakumbuki vilikuwa vya ngapi, aliukuta mtaa wa Mapendo mweusi tii, akafurahi. Kwao udongo mweusi ndio wenye rutuba. Akapanda puaro papo hapo. Majirani walimwacha wiki mbili ndipo wakamwambia kwamba lile ni jiwe lililomwagwa na mlima na kupondwa na miguu ya watu.

"Mama wa Lubero analima barabara!" walicheka.

Tangu siku hiyo udongo wake ulitoka mji jirani wa Sake, magunia mawili kila mwezi juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na pedali. Aliuchanganya na maganda ya ndizi na mavi ya sungura. Baada ya miaka kumi na mmoja, nyuma ya nyumba aliyopanga, ulimfika magotini.

Februari vita vikafika Sake. Chukudu hazikuja tena, walikuja watu.

Jumamosi asubuhi mwenye nyumba, Papa Mulumeoderhwa, karani mstaafu kutoka upande wa Bukavu, alibisha hodi.

"Mama Masika, shemeji yangu Béata ametoka Sake na batoto bane. Banalala mu kanisa. Niko na lazima na ile nafasi ya nyuma, nibasimamishie tente."

"Na bustani?"

"Mboga utavuna yote. Udongo itabaki, tutaishindilia."

"Udongo ni yangu, papa."

"Udongo haina miguu, mama."

"Hii ilikuja na chukudu. Na wewe mwenyewe uliifunguliaka mulango."

Mzee alicheka bila kupenda. "Basi, mpaka Jumatatu."

Masika alichoka kabla hajashika koleo. Katika kambi ya wakimbizi ya Mugunga aliwahi kuona wanawake wakilima ndani ya magunia: mawe katikati, kutoka chini hadi juu, ili maji yashuke, udongo pembeni, matundu ubavuni kwa miche. Njia aliijua. Mgongo ndio haukuwa na habari nayo. Hadi Jumapili, baada ya misa, alikuwa amejaza magunia matatu.

Ndipo Béata akaja kuona atakapolala, mwanamke mrefu, kitenge kimejaa vumbi. Aliinama, akachota udongo, akauvunja kwa vidole.

"Hii si ya Goma."

"Ni ya kwenu."

Béata aliunusa udongo ule. Kisha akauliza, "Unapandaka nini ndani?"

"Siku hizi, lengalenga."

"Lengalenga tu? Mu udongo kama hii?"

"Lengalenga unavuna kisha wiki tatu ao ine. Puaro inaomba miezi tano. Ni nani iko na miezi tano?"

"Mimi nilikuwa nayo," alisema Béata. "Puaro yangu ilibakisha wiki moja."

Akavua viatu, akachukua koleo.

Walifanya kazi mpaka jua likainamia magharibi, bila maneno mengi. Magunia yaliisha kabla ya udongo: kumi na tisa yalisimama kando ya ukuta, na uliobaki ukashindiliwa. Jumatatu hema lilisimama juu yake.

Asubuhi iliyofuata Masika alichanganya mbegu za lengalenga na mchanga mkavu ili zisianguke kwa mafungu, akazitawanya, akazifunika kidogo tu. Béata alimtazama, halafu akafungua fundo la kitenge chake. Mlikuwa na mbegu nyeusi, kiasi cha kiganja.

"Nipe gunia moja."

Masika aliziangalia. Miezi mitano.

"Chukua ile ya mwisho," alisema. "Mwagia kidogo kidogo, zisioze."

Béata alishika kisu ili aondoe kamba zilizoning'inia mdomoni mwa gunia.

"Hapana," alisema Masika, akiketi taratibu juu ya jiwe. "Kamba usikate. Siku ya kukimbia, tutalifungia na nini?"